Mwili ukishtuka wenyewe: ubaki nyumbani, uende duka la dawa, zahanati au hospitali ya rufaa?

Mkono unaruka bila kutumwa. Mguu unapiga teke kitandani na kumwamsha mwenzako. Kope inacheza tangu juzi. Mtoto wa wiki tatu anarusha mikono usingizini na bibi yake ameshasema ni degedege. Binti wa kidato cha nne amedondosha tena kikombe cha uji asubuhi na ameitwa mzembe mbele ya wenzake. Yote hayo ni misuli kujikaza au kulegea ghafla bila mwenyewe kutaka, na hapa Moshi familia yenye mtu wa namna hiyo huishia kwenye mabishano yaleyale: tungoje, tununue dawa, twende zahanati, au tupande hospitali kubwa ya KCMC moja kwa moja?

Nimeandika ulinganisho huu kwa sababu watu wanaumia pande zote mbili. Mmoja anapoteza nauli na siku nzima ya kazi kwa kope iliyochoka tu. Mwingine anamficha ndani kijana mwenye kifafa cha aina inayotulia vizuri kwa dawa, na miaka inakatika. Njia zote nne zina kazi yake. Kinachoamua ni aina ya mshtuko, kwa hiyo tuanzie hapo.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Swali la kwanza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine, ni wakati. Mshtuko unaokuja mtu anapozama usingizini, ule wa kujiona unatumbukia shimoni kisha mwili mzima unaruka, ni wa kawaida kabisa. Watu wengi sana wanaupata, na uchovu, mawazo au kahawa ya jioni huuzidisha. Kwikwi nayo iko kundi hilohilo: ni kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinachojikaza ghafla. Lakini mishtuko ya mikono inayokuja asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mtu akiwa macho na ameketi mezani, si ya kundi hilo. Hiyo ifuatilie.

La pili ni fahamu. Mshtuko wa msuli, ambao madaktari huuita mayoklonasi, ni mfupi kuliko kupepesa jicho, na mara nyingi mtu anaendelea kukujibu. Degedege na kifafa cha kuanguka hudumu zaidi: mtu haitiki akiitwa, macho yanageuka, mwili unakakamaa kisha unatikisika, pengine anajikojolea au kung'ata ulimi. Ila usidhani kwamba mtu akibaki na fahamu basi hana kifafa. Ipo aina ya kifafa ambayo kwa muda mrefu hujionyesha kwa mishtuko mifupi tu, na mgonjwa anaongea na wewe kama kawaida.

La tatu ni sehemu. Nyuzi za msuli zinazocheza chini ya ngozi kwenye kope, paja au kigimbi bila kusogeza kiungo, kwa mtu ambaye nguvu zake hazijapungua, mara nyingi ni uchovu, kukosa usingizi au kahawa kupita kiasi. Mkono mzima unaorushwa ni jambo la kuangaliwa zaidi. Upande mmoja tu wa mwili, kila mara upande uleule, ni jambo la kuangaliwa zaidi bado.

La nne: je, anaweza kuuzuia? Mtoto anayepepesa macho au kurusha bega mara kwa mara, na ambaye akiambiwa atulie anaweza kujizuia kwa muda huku akisikia msukumo wa kutaka kurusha tena, huenda ana kile madaktari wanachokiita tiki. Mayoklonasi haizuiliki. Na kutetemeka kwa mapigo ya kufuatana, kama mkono wa mzee anayeshika kijiko, ni suala lingine tena.

La mwisho: mshtuko umekuja pamoja na nini? Homa, jeraha, dawa mpya, ugonjwa wa figo au ini, kusahau, kushuka darasani, mguu kukosa nguvu. Mshtuko ulioambatana na kimoja cha hivi hauna nafasi ya kungojewa.

Sasa njia zenyewe. Kila moja nimeiangalia kwa mambo manne: inachoweza, gharama yake, inapokwama, na nani imfae.

Nyumbani, simu mkononi

*Inachoweza.* Nyumbani ndipo mshtuko unapotokea, na huko kuna kitu ambacho daktari hana: anaweza kukaa na mgonjwa nusu saa asione lolote. Video ya simu inaziba pengo hilo. Piga mwili mzima na uso pia, usiishie kwenye mkono unaoruka. Mwite jina lake huku ukirekodi ili isikike kama anaitika. Usizime mara mshtuko unapokwisha, maana namna mtu anavyorudi katika hali yake inasema mengi. Andika tarehe, saa, alilala saa ngapi, alikula na kunywa nini. Siku ya kliniki, video kama hiyo ina thamani kuliko maelezo ya ndugu watano wanaobishana mbele ya daktari.

Kuna jambo la watoto wachanga ambalo natamani kila mama aliyejifungua aambiwe kabla hajatoka wodini. Kuna mishtuko inayowapata watoto wenye afya njema katika wiki za kwanza, na inakuja wakiwa wamelala tu. Mikono na miguu inaruka mfululizo, inaogopesha sana. Mwamshe mtoto: ikikoma papo hapo na akaamka mchangamfu, akanyonya, hiyo si degedege. Usimbane mikono ili kuizuia, maana kumshikilia kunaweza kuizidisha. Mara nyingi huisha yenyewe mtoto anapofikia miezi mitatu, wengine hadi sita. Vilevile mtoto anayefungua mikono ghafla mlango ukibamizwa, kisha akaikunja na kulia, anafanya wanachofanya wachanga wote, na hilo hupotea kabla ya nusu mwaka.

*Gharama.* Karibu bure. Ni muda na utulivu.

*Inapokwama.* Kungoja kuna kawaida ya kujirefusha. "Tuone kesho" inakuwa mwezi, mwezi unakuwa muhula. Weka mpaka tangu mwanzo: wiki mbili, na kabla ya hapo kama jambo lolote jipya limeongezeka. Pia usiku wa manane familia haiwezi kupima homa ya malaria kwa macho wala sukari ya mtoto.

*Inamfaa nani.* Mwenye mishtuko ya kuingia usingizini, kope inayocheza, kwikwi ya saa chache, au mpagazi aliyeshuka mlimani jana akiwa na vigimbi vinavyoruka na kukaza. Huyo wa mwisho anahitaji maji, chakula chenye chumvi na usingizi wa kutosha. Mwenye kope inayocheza apunguze kahawa, hata kama ni ya shamba lake mwenyewe. Wazee wetu wana tafsiri zao za jicho linalocheza, kwamba utapata mgeni au utalia. Hazidhuru, mradi jicho likiendelea kwa wiki nyingi, au shavu nalo likianza kuvutwa, mtu aende akaonwe.

Duka la dawa

*Inachoweza.* Muuzaji aliyesomea kazi yake anaweza kukusaidia kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui: kukagua dawa unazokunywa. Mishtuko inaweza kuletwa na dawa. Tramadoli ya maumivu ni mojawapo, hasa ikichanganywa na dawa za sonona au amitriptilini. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika inaweza kumpinda kijana shingo na kumgeuza macho hata ndugu wakadhani amepagawa. Peleka vidonge vyote ndani ya mfuko, pamoja na vile vya jirani ulivyopewa ujaribu.

*Gharama.* Ndogo mwanzoni. Inakua kila unaporudi.

*Inapokwama.* Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Watu wananunua vitamini, madini ya chokaa na vidonge vya usingizi kwa miezi bila mtu yeyote kuuliza mishtuko inakuja saa ngapi. Baya zaidi ni kununua dawa za kifafa za jirani "kwa kuwa dalili zinafanana". Kabamazepini na fenitoini ni dawa nzuri kwa aina fulani za kifafa, lakini kwa kifafa cha mishtuko ya asubuhi zinaweza kuongeza mishtuko ileile unayoikimbia. Dawa sahihi kwa mgonjwa mmoja inaweza kuwa sumu ya utulivu wa mwingine, na kaunta ya duka haina namna ya kuwatenganisha.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali kuhusu dawa aliyoanza karibuni. Lakini asiache dawa aliyoandikiwa na daktari kabla hajamuuliza aliyeiandika.

Zahanati au kituo cha afya

*Inachoweza.* Zaidi ya tunavyoipa sifa. Ina kipimo cha haraka cha malaria, kipima joto, na mara nyingi kipimo cha sukari kwa tone la damu. Mambo hayo matatu yanagusa sababu kubwa za mtoto kutikisika. Degedege ya homa huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, na wengi wao hawaendi kuwa na kifafa. Lakini nyuma ya homa ile panaweza kuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na vyote viwili vinaua haraka. Anayekaa juu Marangu au Machame anaweza kuidharau malaria. Anayekaa Mabogini au Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, hana ruhusa hiyo. Na aliye juu huwa anashuka bondeni, naye ajieleze hivyo kwa mhudumu.

Zahanati pia inapaswa kuitambua pepopunda mapema: taya limekaza, mgongo unajipinda, na kelele au mguso mdogo tu unaleta mkazo mwingine wenye maumivu makali huku mgonjwa akiwa na fahamu zake zote. Kwa mchanga, dalili ya mwanzo ni kushindwa kunyonya ilhali siku za kwanza alinyonya vizuri. Huyo hupelekwa mbele bila kuchelewa.

*Gharama.* Ndogo, na iko karibu. Ukitoka hapo na barua ya rufaa, safari ya mbele inakuwa nyepesi, hasa kwa mwenye bima.

*Inapokwama.* Haina picha ya ubongo wala kipimo cha umeme wa ubongo. Mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kuandika fenobabitali, dawa ya kifafa, na kukuambia urudi mwezi ujao. Fenobabitali imewasaidia watu wengi sana na ni rahisi, siidharau. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai ulionyesha kwamba wengi wenye kifafa vijijini hawakuwa kwenye dawa yoyote, kwa hiyo zahanati inayotoa hata hiyo moja kwa uhakika inaokoa maisha. Tatizo ni kukaa miaka kwenye dawa moja bila nafuu na bila kupewa rufaa. Uliza kwa adabu: "Daktari, hii ni aina gani, na tukiona haipungui tutaenda wapi?"

*Inamfaa nani.* Mtoto mwenye homa aliyetikisika na kutulia, mtu mzima ambaye mishtuko imeanza karibuni na hana dalili nzito, na mgonjwa wa kifafa aliye thabiti anayehitaji dawa za kila mwezi karibu na kwake.

Hospitali ya rufaa

Kwa Kilimanjaro kuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo katikati ya mji, na KCMC, ya rufaa ya kanda, iliyofunguliwa mwaka 1971. Aliye Arusha ana Mount Meru ya mkoa, na wengi hufika KCMC kutoka huko pia.

*Inachoweza.* Kutenganisha aina, na hapo ndipo matibabu yanapoanza kuwa na maana. Nitaeleza wagonjwa wa namna tatu, kwa kuwa ndio wanaopotea njiani.

Wa kwanza ni yule binti wa kikombe cha uji. Kuna kifafa kinachoanza katika ujana, mara nyingi kati ya miaka 12 na 18, kwa mishtuko ya mikono asubuhi. Kalamu inaruka, mswaki unaanguka, chai inamwagika. Kinachochewa na kukosa usingizi, pombe, na kwa baadhi yao mwanga unaomulika na kuzima. Tazama maisha ya shule zetu za bweni: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, wanafunzi wanasoma hadi usiku wa manane na kengele inalia alfajiri. Mishtuko inachukuliwa kuwa woga au utukutu, hadi asubuhi moja anaanguka gwarideni kwa kifafa kikubwa, na siku hiyo ndipo neno "mapepo" linapoanza kutajwa. Kijana huyu, akipata dawa inayolingana na aina yake na akalala vizuri, mara nyingi anamaliza shule kama wenzake. Valproati humfaa sana mvulana. Kwa msichana lazima daktari apime kwa uangalifu, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Levetirasetamu ni mojawapo ya mbadala. Mazungumzo haya yanahitaji kliniki, na binti mwenyewe awemo chumbani.

Wa pili ni mtoto wa miezi mitatu hadi mwaka mmoja anayeinamisha kichwa ghafla na kurusha mikono mbele, anatulia, anarudia, tena na tena kwa mfululizo, hasa anapoamka. Wengi husema tumbo linamsokota. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William James West, aliieleza hali hii katika barua kwa jarida la Lancet, na mgonjwa aliyemweleza alikuwa mwanawe mwenyewe. Tofauti na wachanga wa usingizini niliowataja, huyu anashtuka akiwa macho, na polepole anaacha kucheka, anaacha kufuata sura ya mama yake. Kila wiki inayopita bila matibabu inagharimu ubongo wake. Huyu hapaswi kungoja nyumbani hata siku tatu.

Wa tatu ni mtu mzima ambaye mkono au mguu wa upande mmoja umeanza kuruka. Hapa picha ya CT ya ubongo inaweza kuonyesha kiharusi, uvimbe, au vifuko vya tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo. Kanda yetu inapenda kitimoto, na jambo hili lifahamike sawasawa: nyama isiyoiva yenye vifuko humpa mlaji mnyoo tumboni, lakini vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye nao. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe anaweza kuvipata kwa kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu. Choo na mikono safi ni kinga sawa na moto wa kutosha chini ya sufuria.

Yuko pia mgonjwa wa figo au ini ambaye mikono yake, akiinyoosha mbele, inadondoka na kurudi kwa vipindi vifupi huku yeye akisinzia. Hapo misuli inaachia ghafla badala ya kujikaza. Ni dalili kwamba taka zinajaa mwilini, na ni ya kwenda leo.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote: nauli, foleni, siku ya kazi, vipimo. Kutoka Rombo au Same ni safari ya kuanza alfajiri. Kabla ya kuondoka, uliza siku za kliniki husika na kama kipimo cha umeme wa ubongo kinafanyika wiki hiyo.

*Inapokwama.* Kipimo kuwa safi hakithibitishi kwamba hakuna kifafa. Umeme wa ubongo unaweza kuonekana wa kawaida siku ya kupimwa, ndiyo maana video na daftari la nyumbani vinahitajika hata huko. Na mwenye mishtuko ya usingizini tu atatoka na jibu ambalo angeweza kulipata karibu.

*Inamfaa nani.* Wale niliowataja hapo juu, na yeyote ambaye dawa ya zahanati haijamtuliza.

Neno kuhusu maombi na mganga

Familia nyingi zinapita huko, na sioni sababu ya kuwabeza. Maombi yanampa mgonjwa watu wa kukaa naye, na upweke ni nusu ya mateso ya kifafa. Ninachoomba ni mambo mawili. Asinyweshwe kitu wala kufukizwa moshi akiwa hana fahamu, kwa kuwa anaweza kupaliwa na kufa. Na asiachishwe vidonge ghafla kama ushahidi wa imani. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Kwa hali yako

Kama mtu anatikisika sasa hivi: mlaze ubavu, ondoa mafiga na kila kigumu kilicho karibu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, au ikirudia kabla hajazinduka, tafuta gari la kwenda hospitali yoyote iliyo karibu. Usichague jina la hospitali wakati huo.

Kama ni mchanga anayeshtuka usingizini tu, ananyonya na kuongezeka uzito: nyumbani, na video umwonyeshe muuguzi siku ya kliniki ya mtoto. Akiwa na homa, amelegea au ameacha kunyonya, hospitali leo hii, hata kama ni usiku.

Kama kiungo cha mchanga kinatetemeka akiwa macho, kishike taratibu na kukikunja. Kikitulia mkononi mwako, huenda ni njaa au sukari kushuka: mnyonyeshe, kisha zahanati siku hiyohiyo. Kisipotulia, hospitali.

Kama ni mwanafunzi anayedondosha vitu asubuhi: mwachishe kukesha, mwandikie mwalimu mlezi, anza zahanati kwa barua ya rufaa na usiishie hapo. Wakati mnangoja kliniki asiende peke yake mtoni wala kwenye mfereji, na asipike kwenye moto wa chini bila mtu.

Kama ni dereva wa bodaboda au daladala mwenye mishtuko akiwa macho: pikipiki ikae hadi aonwe. Najua maana ya wiki bila hesabu ya bosi, lakini kuna abiria nyuma yake.

Kama ni mzee aliyeanza kuruka mikono na kusahau kwa kasi ndani ya wiki chache, au mgonjwa wa figo anayesinzia: hospitali ya rufaa, na vidonge vyake vyote mfukoni.

Kama tayari uko kwenye dawa na mishtuko imeongezeka tangu uanze au tangu ubadilishiwe: usiache, usiongeze. Rudi kwa aliyekuandikia, mwonyeshe video, umtajie saa mishtuko inapokuja, na umwombe aangalie upya kama dawa hiyo inalingana na aina yako.